Kombeo: Somo la Fizikia Lililosukwa kwa Miyaa

Hapana shaka kwamba wengi wa wasomaji wa jarida hili wamewahi kuliona kombeo, na baadhi yao wamelitumia kwa mikono yao wenyewe katika kuamia mpunga, mtama au uwele. Kombeo, ambalo mahali pengine huitwa teo, ni kamba mbili zilizounganishwa na kikoba kidogo cha kuwekea jiwe au donge la udongo. Mrushaji huvika kitanzi cha kamba moja kidoleni, hushika ncha ya kamba ya pili, huzungusha, kisha huiachia ncha ile. Kikoba hufunguka na jiwe huenda zake.

Msomaji asilichanganye kombeo na manati. Manati hutumia mpira unaovutwa na kuachiwa. Kombeo halina mpira wala kitu chochote cha kunyumbuka. Nishati yake yote hutoka katika misuli ya mrushaji, na kazi ya kamba ni kurefusha mkono tu.

Makusudio ya makala haya ni mawili. Kwanza, kueleza jinsi ya kutengeneza kombeo kwa vitu vinavyookotwa karibu na shule. Pili, kuonyesha kwamba chombo hiki, ambacho wengi hukiona kuwa mchezo wa watoto wa shamba, ni kifaa kamili cha kufundishia mwendo wa duara.

SWALI LA JIWE

Kila mwaka, mwanzoni mwa masomo, huwapa wanafunzi wangu wapya wa chuo kikuu swali moja dogo. Mtu anazungusha jiwe kwa kamba juu ya kichwa chake, nalo linachora duara lililolala sambamba na ardhi. Ghafla kamba inaachiwa. Tukitazama kutoka juu, jiwe litafuata njia ipi?

(a) Litakwenda moja kwa moja nje, kwa kufuata mstari uliotoka kitovuni hadi kwenye jiwe.

(b) Litaendelea kupinda kwa muda, kama linalolikumbuka duara.

(c) Litakwenda kwa mstari mnyoofu unaoligusa duara mahali pale pale jiwe lilipoachiwa, yaani mstari ulio katika pembe mraba na kamba.

Jibu sahihi ni (c). Hata hivyo, kila mwaka wako wanafunzi waliofaulu mitihani yao yote ambao huchagua (a), na wengine (b). Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1980 Michael McCloskey na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti juu ya wanafunzi wa chuo kikuu walioulizwa maswali ya namna hii. Wengi wao, wakiwamo baadhi ya waliokwisha kusoma fizikia, walichora njia zilizopinda mahali ambapo njia ilipaswa kunyooka.

Mimi mwenyewe nimo katika orodha ya waliokosa, na kisa changu kina funzo. Nililelewa katika bonde la Mto Rufiji. Huko wakulima wa mpunga hujenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka humo hulinda mazao yao dhidi ya ndege na nguruwe. Babu yangu ndiye aliyenifundisha kutumia kombeo. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mjukuu wangu, ndege yuko mbele, lakini jiwe liachie likiwa ubavuni. Ukingoja lifike mbele yako, utampiga mtu wa dungu la jirani." Kabla ya mavuno yale kwisha, nilikuwa nimelizoea neno hilo hata sikulifikiri tena.

Miaka michache baadaye, nikiwa sekondari, swali la jiwe na kamba lilikuja katika mtihani wa fizikia. Nilichora mshale unaotoka kitovuni kwenda nje, nikakosa. Ningeulizwa swali hilo hilo dunguni, ningejibu bila kusita. Lakini pale katika chumba cha mtihani sikudhani hata kidogo kwamba jiwe la kitabuni na donge la udongo la babu ni kitu kimoja. Maarifa niliyokuwa nayo mkononi niliyaacha mlangoni pamoja na viatu vyenye matope.

DESCARTES, NEWTON NA KOMBEO

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata nafasi ya kuisoma tafsiri ya kitabu kikuu cha Isaac Newton, kilichotoka mwaka 1687 na kuweka misingi ya elimu ya mwendo. Katika kurasa za mwanzo, Newton anapoeleza maana ya kani ya kuelekea kati, mojawapo ya mifano anayoitoa ni jiwe linalozungushwa kwa kombeo. Kabla yake, mwaka 1644, Mfaransa René Descartes alikuwa ametumia jiwe la kombeo kuonyesha kwamba kitu kilichomo katika mwendo huelekea kwenda kwa mstari mnyoofu. Kwa hiyo tunapoliingiza kombeo darasani hatufanyi hisani kwa chombo cha kijijini. Tunakirudisha chombo hicho mahali ambapo waasisi wa fizikia walikuwa wamekiweka.

Hebu tuitazame hoja yenyewe. Kila kitu kilichomo katika mwendo huendelea kwenda kwa mstari mnyoofu na kwa mwendokasi ule ule, isipokuwa kani fulani ikilazimishe kubadilika. Jiwe lililomo katika kombeo hubadili mwelekeo wake kila dakika; kwa hiyo lazima iwepo kani inayolilazimisha. Kani hiyo ni mvuto wa kamba, nayo huelekea kati, kwenye mkono. Hakuna kamba inayolisukuma jiwe kwenda nje, kwa maana kamba haiwezi kusukuma. Huweza kuvuta tu.

Kwa nini basi watu wengi huamini kwamba jiwe husukumwa nje? Sababu ni kwamba mrushaji anausikia mkono wake ukivutwa nje. Mvuto huo ni wa kweli, lakini lazima tuulize: ni kitu gani kinachovutwa? Kinachovutwa nje ni mkono, si jiwe. Mkono hulivuta jiwe ndani, nalo jiwe huuvuta mkono nje kwa kani iliyo sawa. Kamba inapoachiwa, mivuto yote miwili hukoma mara moja. Hapo jiwe halina kani ya kulipeleka nje wala ya kulirudisha ndani. Hubaki na mwendo lililokuwa nao tu, na mwendo huo, katika nukta ile, ulikuwa katika pembe mraba na kamba.

Sasa neno la babu linaeleweka. Chukua mtu anayezungusha kombeo juu ya kichwa, kinyume cha mzunguko wa mishale ya saa kwa anayetazama kutoka juu. Jiwe linapokuwa ubavuni mwake wa kulia, huwa linaelekea mbele. Linapokuwa mbele yake, huwa linaelekea kushoto. Kwa hiyo anayetaka kumpata ndege aliye mbele yampasa aliachie jiwe likiwa ubavuni. Mzee yule hakuwahi kulisikia jina la Newton, lakini kanuni aliijua na aliitumia ipasavyo.

JARIBIO LA UNGO NA GOLOLI

Kabla ya kwenda uwanjani, mwalimu aweza kulithibitisha jibu hili juu ya meza bila hatari yoyote. Vinavyohitajiwa ni ungo uliochakaa, gololi moja na unga au majivu kidogo.

1. Toa kitanga cha ungo ulichochakaa ili ubaki na duara la ukingo peke yake.

2. Kata na uondoe robo moja ya duara hilo. Lilaze juu ya meza iliyo sawa na ulishikilie lisitikisike.

3. Nyunyiza unga au majivu mepesi mezani, mbele ya mwanya.

4. Kabla ya kuendelea, kila mwanafunzi achore katika daftari njia anayodhani kwamba gololi itafuata itakapotoka. Hatua hii isirukwe. Mwanafunzi asiyejifunga kwa jibu lake hupata jaribio la kutazama tu, na hujifunza kidogo.

5. Sukuma gololi ili ibiringike kwa kuufuata ukingo kwa ndani, hadi itokee kwenye mwanya.

Alama itakayobaki juu ya unga itakuwa mstari mnyoofu unaoanzia mwisho wa ukingo na kuligusa duara mahali hapo. Gololi haitaendelea kupinda, wala haitakimbilia nje kutoka kitovuni. Ukingo wa ungo ulikuwa ukiisukuma gololi ndani muda wote, kama vile kamba inavyolivuta jiwe. Ulipokoma ukingo, ikakoma kani.

KUTENGENEZA KOMBEO

Nyuzi zinazofaa zinapatikana karibu kila mahali katika nchi zetu. Pwani wako wenye usumba wa nazi, ukindu na miyaa. Bara wako wenye nyuzi za gome la mbuyu. Palipo na mkonge, katani ndiyo bora, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na imara. Mkonge wenyewe, ambao leo twauona kuwa wetu, asili yake ni Meksiko. Uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf.

Kusokota kamba. Gawa nyuzi katika mafungu mawili yaliyo sawa. Sokota kila fungu upande wa kulia mpaka likaze, kisha yazungushie mafungu hayo moja juu ya jingine upande wa kushoto. Ongeza nyuzi mpya kidogo kidogo kabla za kwanza hazijakwisha, lakini usiongeze katika mafungu yote mawili mahali pamoja. Mafungu husokotwa kulia na kamba kushoto kwa sababu kila fungu hutaka kujisokotoa, na jitihada hiyo hiyo ndiyo inayolikaza fungu jingine. Kamba hujifunga yenyewe. Aidha, msokoto huzibana nyuzi pamoja, na msuguano kati yao huzizuia kuteleza. Mwanafunzi na ajaribu: avute kishada cha nyuzi fupi zisizosokotwa, kisha avute nyuzi hizo hizo zikiwa zimesokotwa. Ataona tofauti, na ataelewa jinsi nyuzi za urefu wa dhiraa moja zinavyoweza kufanya kamba ya urefu wowote.

Tengeneza kamba mbili, kila moja ya sentimita 70 baada ya kufunga mafundo. Katika ncha ya kamba ya kwanza fanya kitanzi cha kuingia kidole cha kati. Katika ncha ya kamba ya pili piga fundo la kushikwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Kusuka kikoba. Suka ukili wa miyaa wenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 10. Acha mwanya mdogo katikati ili donge likae bila kuteleza. Ngozi laini au kitambaa kigumu pia hufaa. Kikoba kikikunjwa, urefu wa kombeo zima huwa sentimita 75 hivi.

Kupima uimara. Kombeo lisitumiwe kabla ya kupimwa. Funga kamba moja kwenye tawi na uning'inize ndoo yenye lita 10 za maji. Uzito wa maji hayo ni nyutoni 98, nasi tutaona hivi punde kwamba kani ya urushaji haifiki hata nusu ya hapo. Rudia kwa kamba ya pili. Kamba iliyotoa hata uzi mmoja itupwe.

TAHADHARI

Vifaa vya majaribio visiwe mawe. Shona vifuko vidogo vya kitambaa, uvijaze mchanga mkavu hadi kila kimoja kiwe na tungamo la gramu 60. Mrushaji awe mmoja kwa wakati mmoja, katika uwanja mtupu, na wengine wote wasimame nyuma yake kwa umbali usiopungua mita 30. Kukaa kando si salama, kama tutakavyoona. Kombeo lisielekezwe kwa mtu, mnyama wala nyumba. Uwindaji una sheria zake, nasi hatutengenezi chombo cha kuwinda.

KANI NA MWENDOKASI

Mwanafunzi mmoja azungushe kombeo lenye kifuko cha gramu 60, wa pili ahesabu mizunguko 20, na wa tatu asome saa. Tuchukulie kwamba mizunguko 20 imechukua sekunde 10. Basi idadi ya mizunguko kwa sekunde, n, ni 2. Nusukipenyo, r, ni mita 0.75. Katika kila mzunguko kifuko hupita mzingo wa duara, yaani 2πr. Kwa hiyo:

mwendokasi v = 2πrn = 2 × 3.14 × 0.75 × 2 = mita 9.4 kwa sekunde.

Kani ya kuelekea kati hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa mraba wa mwendokasi, na kugawanya kwa nusukipenyo:

F = mv²/r = 0.06 × 9.4² ÷ 0.75 = nyutoni 7.1 hivi.

Uzito wa kifuko ni nyutoni 0.59 tu. Basi kamba inavuta kwa kani iliyo mara 12 ya uzito wa kifuko. Hii ndiyo sababu kamba huonekana kana kwamba imelala sambamba na ardhi. Kwa kweli huinama chini kwa nyuzi 5 hivi.

Mizunguko ikiongezwa kutoka 2 hadi 3 kwa sekunde, mwendokasi huwa mita 14.1 kwa sekunde, na kani huwa nyutoni 16. Msomaji aone: mizunguko imeongezeka mara moja na nusu, lakini kani imeongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa kani hufuata mraba wa mwendokasi.

MKONO ULIOREFUSHWA

Mrushaji hodari hazungushi mara nyingi. Huzungusha mara moja au mbili, kisha katika mzunguko wa mwisho huunyoosha mkono wake wote. Hapo nusukipenyo si urefu wa kombeo peke yake, bali ni urefu wa kombeo pamoja na mkono.

Tuchukulie mkono wa sentimita 65 unaozunguka begani kwa mwendokasi wa pembe wa radiani 20 kwa sekunde. Bila kombeo, kitu kilichomo kiganjani kina mwendokasi wa 0.65 × 20, yaani mita 13 kwa sekunde. Mkono huo huo ukiwa na kombeo la sentimita 75, nusukipenyo huwa mita 1.40, na mwendokasi huwa mita 28 kwa sekunde. Kani katika kamba huwa 0.06 × 28² ÷ 1.40, yaani nyutoni 34 hivi. Ndoo yetu ya maji ilikuwa na uzito unaokaribia mara tatu ya kani hiyo.

Sasa tulinganishe nishati ya mwendo, ambayo ni ½mv². Bila kombeo tunapata jouli 5. Kwa kombeo tunapata jouli 23.5. Nishati ya ziada haikutoka katika kamba. Misuli ndiyo iliyoitoa, kwa kulivuta donge katika njia ndefu zaidi kabla ya kuliachia. Kombeo halizalishi nishati. Hulipa mkono nafasi ya kutoa nishati zaidi. Ili msomaji apate picha, jouli 23.5 ni nishati ya nazi ya kilo 1 iliyoanguka kutoka kimo cha mita 2.4. Asiyeuheshimu uzito wa gramu 60 na aifikirie nazi hiyo juu ya kichwa chake.

Umbali nao huongezeka vivyo hivyo. Tukiacha kando ukinzani wa hewa, kitu kilichorushwa kwa pembe ya nyuzi 45 hufika umbali wa v²/g, ambapo g ni 9.8. Mwendokasi wa mita 13 kwa sekunde hutoa mita 17; mwendokasi wa mita 28 kwa sekunde hutoa mita 80. Wanafunzi watakapopima uwanjani hawatapata hesabu hizi kamili. Hewa hupunguza mwendo wa kifuko, pembe ya kuachia haiwi nyuzi 45 kila mara, na kifuko huanza safari yake juu ya usawa wa ardhi. Mwalimu asiwaombe radhi wanafunzi kwa tofauti hiyo, wala asiwaruhusu waifute daftarini. Waambiwe waieleze.

KWA NINI NI VIGUMU KULENGA

Kombeo linapozunguka mara 3 kwa sekunde, hupita nyuzi 1080 katika sekunde moja. Mrushaji akichelewa kuachia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, jiwe litakuwa limepita nyuzi 10.8 zaidi. Katika umbali wa mita 20, kosa hilo hulipeleka donge karibu mita 4 kando ya shabaha. Hapa tunaona mambo mawili: kwa nini mtu huhitaji miaka ya mazoezi ili awe mlengaji, na kwa nini anayesimama kando ya mwanagenzi yumo hatarini kuliko ndege.

UMRI WA KOMBEO

Binadamu amerusha silaha tangu zama za kale mno. Huko Schöningen, Ujerumani, imechimbuliwa mikuki ya mbao pamoja na fimbo ya kurushia yenye urefu wa sentimita 64.5, vitu ambavyo umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka laki mbili na laki tatu. Katika Bonde la Ufa nchini Ethiopia, watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba ncha za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 279,000 zina alama za kuvunjika zinazoonyesha kwamba zilifungwa kwenye mikuki ya kurushwa.

Kombeo lenyewe ni gumu kulifuatilia, kwa kuwa kamba huoza na jiwe hubaki. Makombeo ya kitani yalikutwa katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki yapata mwaka 1323 kabla ya Kristo, kwa sababu tu ya ukavu wa nchi ile. Mgiriki Xenophon, akisimulia vita vya mwaka 401 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba warushaji wa Rhodes, waliotumia vipande vya risasi, walifika mbali mara mbili kuliko Waajemi waliotumia mawe makubwa. Mwaka 1536 askari wa Inka waliuzingira mji wa Cusco na kurusha kwa makombeo mawe yaliyotiwa moto, hata mapaa ya nyasi yakawaka.

Nchini Kenya, katika Olorgesailie, yamepatikana mawe mengi ya mviringo. Louis Leakey alipendekeza kwamba yalifungwa kamba na kurushwa miguuni mwa wanyama. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba jiwe linalotumiwa kwa muda mrefu kugongea laweza kuwa mviringo lenyewe. Kamba haikubaki ili itoe ushahidi. Mwanafunzi wa sayansi hujifunza hapa kutenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa.

MTOTO ALIYE DUNGUNI

Kwelea kwelea mmoja hula yapata gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 100,000 basi laweza kumaliza tani moja kwa siku. Familia isiyo na njia nyingine huwatuma watoto shambani, na watoto hao hukosa masomo. Sisemi haya ili kuwasifia wanaokosa shule. Mahali pa mtoto ni darasani, na kombeo haliwezi kulizuia kundi la maelfu kwa maelfu ya ndege. Lakini mtoto huyo anaporudi darasani baada ya mavuno, huhesabiwa kuwa amerudi mikono mitupu. Sivyo. Amezungusha kombeo mara elfu kadhaa, na anajua mahali pa kuachia. Mwalimu akimwita mbele siku ya somo la mwendo wa duara, amwulize, "Ukitaka kumpata ndege aliye mbele, jiwe waliachia wapi?", mtoto yule atawafundisha wenzake. Mwalimu asipomwita, huenda naye akachora mshale kama nilivyochora mimi.

Jambo hili halikomei shambani. Mwezi huizunguka dunia kutoka umbali wa kilomita 384,400 hivi, kwa mwendokasi wa kilomita moja kwa sekunde. Newton alitambua kwamba mvutano wa dunia hufanya kwa mwezi kazi ile ile inayofanywa na kamba kwa jiwe. Mvutano huo ungekoma, mwezi usingekimbilia nje wala usingeendelea kupinda. Ungeshika mstari mnyoofu, katika pembe mraba, kama gololi iliyotoka kwenye ukingo wa ungo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kifuko cha gramu 50 kinazungushwa kwa kombeo lenye urefu wa sentimita 80. Mizunguko 25 inachukua sekunde 10. Tafuta mwendokasi wa kifuko na kani ya kuelekea kati.

2. Mwaka 1981 Mmarekani Larry Bray alirusha jiwe kwa kombeo umbali wa mita 437. Ukiacha kando ukinzani wa hewa, jiwe lilihitaji mwendokasi usiopungua kiasi gani?

3. Kombeo linazunguka mara 2 kwa sekunde. Mrushaji akichelewa kuachia kwa sekunde 0.02, atakosea kwa nyuzi ngapi?

4. Matope yanayobanduka kwenye gurudumu la baiskeli huruka kuelekea wapi? Eleza kwa mchoro kwa nini baiskeli isiyo na madigadi humchafua mpandaji mgongoni.

Majibu: (1) Mita 12.6 kwa sekunde, nyutoni 9.9. (2) Mita 65 kwa sekunde. Kwa kuwa hewa ipo, mwendokasi wa kweli ulikuwa mkubwa zaidi. (3) Nyuzi 14.4. (4) Huruka kwa mstari mnyoofu unaoligusa gurudumu mahali yanapobanduka. Mchoro wenyewe namwachia msomaji, nami naomba kabla ya kuchora aikumbuke baiskeli aliyowahi kuipanda siku ya mvua.